Yule Niliyemwambia Panda Twende Nyumbani

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Mimi ni Msabato tangu tumboni mwa mama yangu. Nalima chai na hata kikombe kimoja sinywi. Usiniambie pia nilikuwa nimesinzia, maana hakuna anayesinzia akiwa ametoka tu kupigwa na kiki ya pikipiki kwenye muundi. Haya yalinipata mwenyewe, mchana, siku ya Ijumaa, kwenye njia ya kutoka Keroka kuja huku kwetu Sironga. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu tuongee.

Baba yangu alikuwa na pikipiki. Si hizi za bodaboda ambazo unabonyeza kidude zinanguruma. Yake ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, nyeusi, na mlio wake du, du, du ulitetemesha vikombe kabatini. Aliipata ujanani kwa mzungu wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao. Haikuwa na kidude cha kubonyeza. Ilikuwa ni kiki tu, ule mkono wa chuma wa kukanyaga, na kiki yenyewe ina hasira: ukiikanyaga vibaya inakurudia kwa nguvu ile ile. Ilishamvunja binamu yangu mguu. Mama aliiita mke mwenza, kwa sababu Baba akiamka aliiosha kabla hajanawa uso. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mimi kifungua mimba wake. Nikimwomba anibebe, alikuwa akivuta kofia yake ya sufu ya kijani mpaka masikioni na kuniambia, "Hii si ya kubeba watu," akaenda zake. Nisikufiche, niliumia sana. Niliumia nikiwa mtoto, na nikaendelea kuumia nikiwa na watoto wangu.

Alipougua, pikipiki ilikuwa kwa Fundi Ogeto kule Keroka ikisubiri kipuri. Baba alipoona hali yake si ya kupona, alituita akasema, "Msinifukie mpaka niisikie ikiingia hapa nyumbani." Mama akamwahidi mbele yetu sote. Basi akalala.

Sasa elewa shida yangu. Mazishi yalipangwa Ijumaa, na kwetu sisi Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, hakuna mtu wa kushika jembe. Kipuri chenyewe kilifika asubuhi ya siku hiyo hiyo. Jua likizama kabla sijafika, mama yangu achague: avunje ahadi aliyompa mumewe, au amrudishe mochari mbele ya ukoo mzima. Na nani wa kwenda kuileta? Ni kifungua mimba, ambaye hajawahi hata kuikalia.

Ogeto aliniwashia mwenyewe. Akanikabidhi ikinguruma, akaniambia, "Usiizime njiani. Ukiizima, hiyo ni kati yako na yeye."

Basi nikapanda. Nilipoanza kukwea ile milima yenye chai pande zote mbili, ukungu ukashuka, na nyuma yake mvua ya mawe. Kuna kona moja yenye mikaratusi mirefu. Hapo nikakutana na lori la majani ya chai limejaa barabara yote. Nikakanyaga breki, nikasahau klachi, na pikipiki ikazima.

Nikaisimamisha kando ya barabara, nikakanyaga kiki. Kimya. Nikakanyaga tena, nikavuta na gesi mkononi, nikakanyaga kwa hasira. Ikakohoa. Nikajitupa juu yake kwa nguvu zangu zote, mguu umenyooka kama mwiko. Ai! Chuma kile kilirudi juu kikanipiga muundi, nikaketi matopeni juu ya mawe ya mvua, nikalia. Ndiyo, nililia, mtu mzima mwenye duka la mbolea.

Simu ikalia. Alikuwa Shangazi Nyaboke, dada yake Baba. "Uko wapi wewe? Jeneza liko kando ya shimo. Mama yako amekataa mtu asiguse udongo. Pasta anaangalia jua!"

"Niko karibu," nikasema. Sikuwa karibu hata kidogo.

"Unapiga hiyo kitu kama unaua nyoka," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mzee mmoja mrefu, amevaa koti la mvua la zamani linalopita magoti. Nilidhani ni mwenye shamba la chai la pale. Hakutulia hata kidogo. Alitembea kutoka mkaratusi huu hadi ule, akarudi, akaizunguka pikipiki, akaenda tena, anavuta mguu wa kulia. Mimi nimelowa chapachapa, na koti lake, niamini, lilikuwa kavu. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Na mimi nikuulize: baba yako hajazikwa na jua linakukimbia, utakagua koti la mtu?

"Mzee, nisaidie," nikamwambia. "Nikanyagie hii kitu."

"Mguu yangu haikanyagi tena. Nitakwambia, ufanye wewe." Na bado anatembea. "Umeinywesha petroli imeshiba. Funga mafuta. Zima swichi. Sasa fungua gesi yote, ukanyage polepole, mara kadhaa, iteme."

Nikafanya hivyo. Harufu ya petroli ikatoka kwa eksozi.

"Rudisha gesi. Fungua mafuta, washa swichi. Choki usiguse, injini bado ina joto. Angalia hapo kwa usukani kushoto. Hako ka-mkono kadogo ni ka kuchelewesha moto. Karudishe nyuma. Ukikasahau, moto unawaka mapema na kiki inakurudia. Hako ndiko kanaokoa mguu."

Maisha yangu yote nilikiona kile kimkono na sikujua kazi yake. Baba alikuwa akikigusa kwa kidole gumba, haraka, bila sisi kuona.

"Haina gia? Sawa. Sasa sukuma kiki polepole mpaka ikatae."

"Imekataa, mzee."

"Hapo imeshika pumzi. Usibishane nayo. Vuta kile kishikio kidogo cha kuipumulisha, usukume kiki kidogo tu, upana wa kidole. Achia. Wacha kiki irudi juu yenyewe. Weka katikati ya wayo, si vidole. Goti likunje, lisinyooke hata ukifika chini. Sasa inuka, ujishushe wote mpaka mwisho. Usiipige. Ishukie. Na gesi wachana nayo."

Nikainuka. Nikashuka. Du. Du. Du, du, du. Haki ya Mungu, mkanyago mmoja! Nilitaka kumkumbatia yule mzee.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Nilijifunza nimechelewa," akasema, akaendelea na safari yake ya mkaratusi hadi mkaratusi.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize. Sisi Wakisii hatumwachi mzee wa watu kwenye mvua, tena siku ya msiba, masufuria yako motoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tulivyofundishwa? Nikapiga kiti cha nyuma kwa kiganja, nikamwambia, "Mzee, panda. Twende nyumbani."

Akasimama. Tangu aje, hiyo ndiyo mara ya kwanza miguu yake yote miwili kutulia.

"Umesema?"

"Twende nyumbani, mzee. Twende ukale."

"Ni mimi unaniambia twende nyumbani?"

"Ni nani mwingine yuko hapa? Panda, jua linaisha!" Hata nilimfokea, nisikudanganye.

Uso wake ulikunjamana kama wa mtu anayetaka kulia. Akapanda. Nikasikia springi za kiti zikizama na mikono miwili ikinishika mbavuni, baridi yake ikapita jaketi ikaingia mpaka ndani. Nikasema ni mvua. Na kitu kimoja sikukifanya, kitu ambacho kila Mkisii hukifanya hata kabla hajakupa kiti: sikumuuliza jina, wala ni wa wapi, wala ni mtoto wa nani. Haraka ilinimeza. Barabara ilikuwa inateleza, kwa hiyo hata kugeuka nyuma sikugeuka mpaka langoni kwetu.

Niliingia jua limekaa juu ya migomba. Mama aliposikia ule mlio alipiga magoti kando ya shimo akalia kwa sauti, na watu wakalia naye. Nikaizungusha mpaka karibu na kaburi, upande wa kulia wa mlango, mahali anapozikwa mwenye nyumba, nikaiacha ingurume. Wakamshusha Baba na kofia yake ya kijani kichwani, kama alivyotaka. Wakafukia. Udongo wa mwisho ulitua na jua likatua. Nilishukuru Mungu.

Halafu nikamkumbuka mgeni. "Shangazi, yule mzee amepewa chakula?"

"Mzee gani?"

"Niliyekuja naye."

Shangazi Nyaboke akaniangalia. "Umekuja peke yako. Tumekuona sote."

Nikamweleza kila kitu: kona, koti, mguu, na maneno niliyomwambia. Alinishika mkono akaniburuta nyuma ya jiko.

"Mjinga wewe! Hujui maneno hayo? Mtu akifia barabarani, tunaleta mwili, lakini yeye mwenyewe anabaki pale pale, anazunguka. Lazima mtu wa damu yake aende mahali alipoangukia, amwite kwa jina, amwambie twende nyumbani. Halafu aende bila kugeuka nyuma mpaka mlangoni kwake. Sasa wewe umemleta nani kwetu?"

Nilicheka. Msabato anajua aliyelala amelala. Nilicheka mpaka nilipoona mbwa wetu amekaa katikati ya kiwanja, kichwa chake kinafuata kitu kinachoizunguka nyumba, taratibu, kwenda na kurudi.

Kuanzia hapo hatukuwa na raha. Kila mvua ikinyesha, unasikia hatua, na mguu mmoja ukivutwa kwenye changarawe. Pikipiki ilikuwa kibandani, na kiki inasukumwa polepole mpaka inakataa, halafu inaachiwa. Mke wangu aliisikia. Watoto waliisikia. Na mguu wangu mimi ukaanza mambo yake: nikikaa tu kanisani, goti linainuka lenyewe na kushuka, inuka, shuka, hadi watu wa benchi wakanihama.

Hayo yote ningeyavumilia. Ila Mama. Mama alidhani ni Baba. Aliketi mlangoni usingizi umemkimbia, shuka begani, anauliza kaburi, "Nimekukosea nini? Si niliwazuia mpaka ikaja? Unatafuta nini tena?" Alikonda mpaka gauni likamlegea. Ningemwambiaje kwamba si mumewe, ni mtu baki niliyemleta mwenyewe? Nikaona nikinyamaza nitamzika na yeye.

Nikarudi Keroka kwa Fundi Ogeto, nikamweleza kona ile na koti lile. Akaweka spana chini.

"Huyo ni Ombati, mtu wa Kenyenya. Alikuwa na pikipiki kama ya baba yako. Ilizima hapo kona kwa mvua, akasahau kale kamkono, kiki ikamrudia ikamvunja mguu na kumwangusha barabarani. Lori likaja." Akaiokota tena spana. "Zamani hiyo. Mimi nilikuwa bado kijana."

Nikaenda Kenyenya. Nyumba yake sikuitafuta sana; kule wanamkumbuka. Mjane wake, Mama Kwamboka, alikuwa anaanika mahindi. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea kutandaza mahindi.

"Mwili tuliuleta," akasema. "Yeye hatukumleta. Ndugu zake walisema hayo ni mambo ya giza, na mimi nilikuwa mke mdogo tu, ningesema nini? Kila mvua ikinyesha najua yuko kule anatembea." Akajifuta macho kwa leso. "Mlete, mwanangu. Umekuwa damu yake, kwa sababu wewe ndiwe ulimwita."

Siku iliyofuata nikaitoa pikipiki kibandani, nikaisimamisha pale kando ya kaburi kwa sababu ndipo penye usawa. Nikafuata kila neno alilonifundisha. Nikarudisha kimkono, nikatafuta pumzi yake, nikaishukia. Du, du, du. Nikasema kwa sauti, "Mzee Ombati, twende nyumbani."

Kiti kikazama. Kikazama tena. Nikasema springi zimechoka.

Nilipita mji wa Kisii katikati ya foleni, mikono ile ya baridi mbavuni, na sikugeuka. Kwenye milima pikipiki ilikuwa inahema. Nikailaumu oili. Mama Kwamboka alikuwa amesimama mlangoni kwake amevaa nguo ya kanisani. Nilipofika, mikono ikaniachia. Nikasikia mguu ukivutwa kwenye changarawe, unanipita, unaelekea mlangoni. Haukurudi. Mama Kwamboka alifunika mdomo, halafu akasema kwa sauti ya mke aliyeweka chakula kikapoa, "Umechelewa wewe. Ingia."

Nilihisi mzigo umenitoka. Niligeuza pikipiki niondoke, na yule mama akaniita.

"Na huyu mwingine?"

"Mwingine gani?"

"Huyu mzee wa kofia ya kijani aliyekaa nyuma yako. Mbona hashuki? Mwambie ashuke anywe uji kwanza."

Lo! Damu ilinikauka. Elewa nilichofanya: nilisimama kando ya kaburi la mtu aliyekufa akingoja mlio ule, nikaiwasha, nikasema twende nyumbani. Nani asingepanda?

"Asishuke!" nikapiga kelele. "Mama, usimkaribishe! Akishuka hapa ndiyo basi!" Klachi ikaniponyoka, na pikipiki ikazima.

Hapo sasa. Mguu unacheza, jasho linaingia machoni, na nyuma yangu amekaa mtu ambaye hakuwahi kuniruhusu kuigusa. Nilitaka kuikanyaga kwa hasira na hofu, kama kule kona. Nikajizuia. Nikashika breki kwa mkono mpaka pumzi yangu ikatulia. Gesi nikairudisha. Kimkono nyuma. Nikasukuma polepole mpaka ikakataa, nikaipumulisha, upana wa kidole. Katikati ya wayo, goti limekunjwa. Nikainuka, nikaishukia.

Ikawaka.

"Baba," nikasema, "twende nyumbani."

Mikono ikanishika mbavuni. Haikuwa ya baridi kama ile nyingine, au labda nilikuwa nimezoea. Kutoka Kenyenya mpaka Sironga ni mbali, na njia nzima nilimwongelesha. Nilimwambia mambo ya duka, ya watoto, na jinsi nilivyoumia nikibaki na vumbi lake. Nililia mbele ya magari bila aibu. Maisha yake yote hakuwahi kunibeba, na sasa mimi ndiye niliyembeba. Sikugeuka nyuma, ingawa niliitamani ile kofia kuliko kitu chochote duniani.

Nilipofika kulia kwa mlango, kiti kikainuka. Nikazima. Mama alikuwa ameketi pale pale na shuka lake. Aliangalia kaburi, akaangalia pikipiki, akasimama. "Leo nitalala," akasema, akaingia ndani. Akalala mpaka jua likawa juu, na tangu siku hiyo hajakesha tena.

Mimi ndiye niliyebakiwa na deni la mguu. Mvua ya mawe ikianguka, popote nilipo, goti linainuka na kushuka. Daktari ameupima akasema ni mishipa. Sawa, ni mishipa. Pikipiki naiwasha kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia, pale kando ya kaburi, inanguruma kidogo, naizima. Haendi mtu mahali. Na ninapoiwasha nimefunga mdomo, hata mtoto akinisalimia simjibu.

Kwa hiyo wewe, ukiipata ya zamani, ishukie, usiipige, na usisahau kile kimkono. Na ukikutana na mtu kwenye ukungu, hata kama mvua inamnyeshea na roho yako inakusuta, muulize kwanza jina lake, na kwao ni wapi. Kuuliza si ujinga. Usimwambie mtu twende nyumbani kama hujui nyumbani kwake ni wapi, maana wako wanaongoja kuambiwa, nao watapanda.